Kifuniko Juu ya Kikapu

Mkunga alinikuta kwenye chumba cha kufulia, mikono yangu imezama hadi viwiko ndani ya shuka za wodi ya wazazi. Hakunisalimu. Alinyoosha mkono akazima mashine kubwa ya kukaushia, mashine ambayo hapa hospitalini haiguswi na mtu mwingine isipokuwa mimi, ndipo akasema:

"Fainali ya Jumamosi utaanza. Lakini mdogo wako akirusha mpira, wewe ukasimama kumtazama, hata mara moja, nakutoa. Na nikikutoa hurudi."

"Washa mashine yangu," nikamwambia.

"Umenisikia, Dobi?"

"Nimekusikia, Mama Mkunga. Hata wagonjwa wa ghorofa ya juu wamekusikia. Washa mashine."

Akaiwasha, akaondoka na viatu vyake vya mpira vikilia kwenye sakafu yenye maji. Nikaikamua ile shuka nusura niipasue. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, ila siku ile zilinizidi kwa sababu alichosema kilikuwa kweli.

Timu yetu ya mpira wa kikapu ni ya wanawake watupu, wote wafanyakazi wa hospitali, na uwanjani kila mtu huitwa kwa kazi yake. Kocha ni mkunga. Anayepanga mashambulizi ni dereva wa ambulensi. Beki wetu ni mpishi. Mdogo wangu, tumbo moja, ni nesi wa chanjo, naye ndiye mrushaji wetu mkuu. Tunamwita Sindano kwa sababu mpira wake hupenya wavuni bila kugusa chuma. Mimi nasimama chini ya kikapu. Kazi yangu ni ribaundi: mpira uliokosa ukirudi kutoka kwenye ubao, niudake kabla ya mpinzani. Kazini nasafisha uchafu wa watu, uwanjani naokota makosa yao, na sijawahi kulalamika.

Na kuokota najua. Dereva akikosa, naokota. Wapinzani wakikosa, ndiyo usiseme. Vidole vinavyokamua mablanketi kutwa havinyang'anywi mpira ovyo. Shida yangu ni mpira wa mtu mmoja. Mdogo wangu akirusha, miguu yangu huota mizizi. Nasimama nautazama ule mpira unavyopanda, nauombea, kana kwamba nikiondoa macho tu utaanguka.

Mwaka jana tulicheza fainali na timu ya kiwanda cha saruji. Saa ilikuwa inaisha, tuko nyuma kwa pointi moja, Sindano akarusha. Mpira ukagonga chuma, ukazunguka, ukatoka, ukaanguka hatua moja tu kutoka nilipo. Mimi nilikuwa bado nimekodoa macho juu, mikono nimeikunja kifuani kama niko kwenye ibada. Mwenzangu wa upande wa pili, mtunza stoo wa saruji, mwanamke mpana kama mlango wa gereji ambaye watu wote wanamwita Tingatinga, akauchukua bila hata kuruka. Mchezo ukaisha. Kuna mtu alirekodi, na video ile ikazunguka kwenye simu za hospitali nzima. Hata mlinzi wa mochari alinionyesha, akidhani sijaiona.

La ajabu ni kwamba mimi nilichekwa siku mbili tatu tu. Aliyelaumiwa ni mrushaji. Wakamgeuza jina, wakamwita Sindano Butu. Kuna mama alimpakata mtoto wake siku ya chanjo akasema, "Nesi, leo usikose, paja la mwanangu ni dogo." Mdogo wangu alicheka nao wote. Jioni alijifungia bafuni akafungua bomba, maji yakamwagika muda mrefu, na mimi nje ya mlango nikamsikia analia. Tangu siku hiyo hajarusha kwa raha. Na mwaka huu tulipofika fainali tena, na saruji hao hao, alitamka mezani mbele ya mama, "Tukifungwa tena kwa mpira wangu, viatu nagawa."

Huyu mtoto hana maneno mengi, akisema amesema. Nami nilijua maana yake. Kutwa yuko kwenye vilio vya watoto wa watu. Akirudi nyumbani yupo mama na presha yake, nipo mimi na makelele yangu. Mahali pekee anapocheka kwa sauti, kile kicheko chake halisi cha kushika mbavu, ni uwanjani. Kikiondoka hicho, sikujua angebaki na nini. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa mpaka usingizi ukawa wa kuibia.

Sasa mtu ataniuliza, kama unaogopa hivyo, kwa nini usikimbilie ubao? Jibu nilikuwa nalo, ila sikumwambia mtu. Nyumbani kwetu jambo baya haliandaliwi. Ndivyo mama alivyotulea. Ukienda kwenye mtihani, huulizwi ukifeli itakuwaje. Ukisafiri, hakuna anayetaja ajali. Kujiandaa kwa mabaya ni kuyaita, ni uchuro. Basi mdogo wangu akirusha, mimi nikageuka kutafuta pa kudakia mpira wake uliokosa, nitakuwa nimefanya nini kama si kumchuria? Ni sawa na kumwambia mbele za watu kwamba simwamini. Afadhali nisimame nitumaini.

Jioni ya siku ile nilichelewa mazoezini, maana shuka hazijikunji zenyewe. Uwanja wetu uko nyuma ya hospitali, kati ya stoo ya mitungi ya oksijeni na ukuta wa jiko. Kabla sijapiga kona nilisikia, paaa! Kama mtu anapiga sufuria. Halafu tena, paaa! Nikakaza mwendo.

Juu ya kikapu, juu ya chuma chenyewe, walikuwa wamefunga kifuniko cha sufuria kubwa la jikoni kwa bandeji. Na chini, mdogo wangu anarusha. Mpira unapanda vizuri, unapiga kifuniko, paaa, unaruka pembeni. Anarusha mwingine, paaa. Damu ilinipanda kichwani.

"Nani amekifunika?" Nilitupa begi chini. "Nani ameziba kikapu wiki ya fainali? Mkunga, ndiyo mambo gani haya?"

"Ni mazoezi ya ribaundi," alisema Mkunga, filimbi mdomoni. "Kila mpira lazima urudi, kwa hiyo huna cha kutazama. Ingia chini ufanye kazi."

"Siingii! Mnamfundisha mtoto kukosa! Mpishi, lete ngazi, nikishushe kifuniko chako kabla sijakivunja."

"Ukikivunja," alisema Mpishi, "kesho uji wa wagonjwa utaufunika kwa viganja."

Hakuna aliyecheka. Ngazi ilikuwepo pale pale ukutani, nikaichukua mwenyewe, nikaiegemeza kwenye nguzo. Nilikuwa nimepanda vipandio viwili niliposikia sauti ya mdogo wangu nyuma yangu, ya chini kabisa.

"Dada, shuka. Nimekifunga mimi."

Niligeuka. Alikuwa ameshika mpira kiunoni, jasho linamtiririka.

"Wewe?"

"Mimi ndiye niliyekiomba, na mimi ndiye niliyepanda. Hata bandeji ni za kwangu."

Mkunga akatoa filimbi mdomoni. "Dobi, nikuulize. Kila mama anayeingia leba kwangu, kabla hajapanda kitandani, damu ya kumwongezea akipungukiwa nimeshaiulizia, iko kwenye friji, inasubiri. Na wote nawaombea wajifungue salama. Je, nawachuria?"

Neno lile lilinichoma. Halikuwa neno la Mkunga, lilikuwa neno la nyumbani kwetu, la jikoni kwa mama. Maana yake mdogo wangu alikuwa amekaa na watu wa nje akawaeleza kwa nini dada yake anasimama kama mlingoti. Kumbe alijua muda wote. Nilishuka kwenye ngazi, nikaokota begi, nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mboga mezani. Nikamwaga yote, kifuniko, bandeji, Mkunga na damu yake ya friji. Mama akaweka kisu chini.

"Wamemfunikia kikapu? Uchuro gani huo! Na yeye amekubali?"

"Nimekubali, mama."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, bado na jezi ya mazoezi. Alikuwa amenifuata mbio, kifua kinampanda na kushuka.

"Mwanangu," alisema mama, "baya halina miguu. Linakuja likiitwa."

"Baba tulimwita?"

Hilo ni jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kusemwa. Baba alilazwa katika hospitali hii hii, kabla hata sisi hatujaajiriwa. Daktari alituambia tuwaite ndugu. Mama akakataa katakata tusimpigie shangazi, dada yake baba, kwa sababu kumwita ni kukubali kwamba baba anakufa. Tukakaa watatu kando ya kitanda, tukamtazama, tukitumaini. Shangazi alisikia kwa watu baki. Alifika nasi tunatoka makaburini, amebeba mfuko wa machungwa ya mgonjwa.

"Simlaumu mtu," alisema mdogo wangu. "Lakini tulisimama tu, mama. Tulisimama tukamtazama. Na dada ndivyo anavyonifanyia mimi." Akanigeukia. "Ukinikodolea macho, dada, mimi najua kitu kimoja: huu lazima uingie. Hakuna mwingine. Mkono unakuwa mzito kama nimekubeba wewe na mama pamoja. Dereva akirusha, anasikia viatu vyako vinakimbia, anarusha kwa raha zake. Mimi sijawahi kukusikia ukikimbia. Hata siku moja."

Mimi nina jibu la kila mtu. Nimewahi kumjibu mganga mkuu mpaka akasahau alichokuja kuuliza. Siku ile niliinama nikaokota majani ya mboga yaliyoanguka sakafuni, moja moja. Mama aliinuka, akabeba mboga zake kwenda jikoni ingawa hakuwa amemaliza kuchambua, na tulikula kila mtu akitazama sahani yake.

Kesho yake niliwaachia wenzangu shuka, nikafika uwanjani wa kwanza. Kifuniko kilikuwa bado juu. Mkunga alinikuta nimekitazama.

"Nionyeshe," nikasema.

Hakunicheka, na kwa hilo namshukuru. "Mpira ukitoka mkononi mwa mrushaji, usiutazame. Huo hauhitaji macho yako, utafika wenyewe. Tafuta mtu. Mguse, mpite upate nafasi ya ndani, halafu mpe mgongo umkalie kwa makalio, miguu wazi, magoti yameinama. Ukishamfunga huko nyuma, ndipo utafute mpira. Uudake kwa mikono miwili, kidevuni, viwiko nje. Mtu kwanza, mpira baadaye."

Ni rahisi kusema. Mpira wa kwanza wa mdogo wangu ulipopanda, shingo yangu iligeuka yenyewe kuufuata, kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Paaa. Mpishi, aliyekuwa ananikaba, akaudaka. "Shingo!" akapiga kelele Mkunga. Wa pili, shingo tena. Ilinibidi nimkazie macho Mpishi kifuani kana kwamba ameniibia, nijifanye sina mdogo duniani. Ndipo mwili ukaanza kutii. Mlio wa kile kifuniko ulinikata maini kila ulipolia, lakini kadiri jioni ilivyosonga nilianza kusikia kitu ndani yake. Mpira wa pembeni ulikuwa unarukia upande wa pili. Wa mbali ulirudi mbali. Na mdogo wangu akichoka, mpira wake ulikuwa unapita kidogo na kuangukia kulia, karibu kila mara.

Nikasimama pale na mpira mkononi nikashangaa. Nimekaa chini ya mipira ya huyu mtoto tangu tunacheza kwa ndoo iliyotoboka kitako, na kufunga kwake nakujua kwa moyo. Kukosa kwake nilikuwa sikujui kabisa.

Hatukuongea sana siku zilizobaki. Ulikuwepo ukimya wa aina mbili nyumbani, wa mama jikoni na wetu chumbani, na mimi ukimya haunifai, unaniwasha mwili. Jumamosi asubuhi tulipokuwa tunafunga mabegi, mama alitoka chumbani kwake. Mama huyu hajawahi kutupatia mwavuli hata siku ya mawingu meusi. Alifungua zipu ya begi la mdogo wangu, akaingiza bandeji na kopo la dawa ya kuchua.

"Mkiumia," akasema. Akarudi chumbani akafunga mlango.

Mdogo wangu alinitazama, mimi nikamtazama. Tukabeba mabegi tukaondoka.

Fainali ilichezwa kwenye ukumbi wa saruji wenyewe. Wafanyakazi wao walijaa mpaka kwenye ngazi, wanapiga mapipa matupu. Tingatinga alikuja kunisalimu kwa kunibinya bega, mkono wake mzito kama mfuko wa bidhaa yao.

"Karibu, Dobi. Umekuja kucheza au umekuja kutazama tena?"

"Nimekuja kukufua," nikamjibu.

Mpira wa kwanza mdogo wangu aliurusha kutoka pembeni. Nilijua la kufanya. Nilijua kabisa, na bado miguu ikaota mizizi, shingo ikapanda. Nikauona mpira unakwenda juu, mzuri, na moyo wangu ukasema ingia, ingia. Ukagonga chuma. Tingatinga akauchukua mbele ya pua yangu.

"Mkono mtupu haulambwi, Dobi!" akanipigia kelele akikimbia.

Nikageukia benchi. Mkunga alikuwa tayari amesimama, na msichana wa maabara pembeni yake anavua koti. Nilimwinulia mkono, nikamwonyesha kidole kimoja, mara moja tu, Mama, niachie. Alinitazama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko robo nzima. Halafu akamshika msichana wa maabara begani, akamkalisha. Lakini hakumwambia avae koti.

Mdogo wangu alirusha wa pili, nikaenda. Wa tatu, nikaenda. Sikuona hata mmoja ukigonga. Niliona shingo ya Tingatinga, niliona jasho kwenye nyusi zake, nilisikia mbavu zangu zinalia kila aliponipiga kumbo. Yule mwanamke ni mzito na mkaidi. Mipira mingi ya mwanzo aliipata yeye. Nikaacha kushindana naye kwa uzito, nikaanza kumwahi kwa hatua: kabla mpira haujatoka mkononi mwa mdogo wangu, mimi nimeshateleza ndani. Nikapata mmoja nikaurudisha kikapuni. Nikapata mwingine, Dereva akafunga. Mapipa yakapungua kelele.

Lakini mdogo wangu alikuwa hafungi. Chuma, ubao, chuma. Kutoka jukwaani wakaanza kuimba, "Butu! Butu!" na kila waliporudia neno lile nilitamani kupanda huko juu nikawafue mmoja mmoja. Hasira hiyo ilinigharimu. Nilimsukuma Tingatinga kwa mikono, mwamuzi akapuliza, faulo yangu ya nne. Ya tano ni kutoka. Tangu hapo nilicheza nimekunja ngumi ili mikono isinitangulie.

Dakika ya mwisho ilitukuta nyuma kwa pointi moja. Pointi moja tena, kama mwaka jana. Zilipobaki sekunde chache, mpira wetu, Mkunga akaomba muda.

"Mpira unakwenda kwa Sindano," alisema tulipomzunguka. Hakueleza zaidi.

Mdogo wangu alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. Kamba zilikuwa zinamponyoka. Nilipiga magoti nikamfungia, kama nilivyokuwa nikimfungia akienda shule. Aliongea akitazama kiatu.

"Dada. Nikikosa?"

Nikikosa. Nyumbani kwetu neno hilo halijawahi kutamkwa na mtu akajibiwa. Kila kitu nilichofundishwa kilikuwa kinanituma niseme, usiseme hivyo, utafunga tu.

"Umechoka," nikamwambia, "kwa hiyo utapita kidogo, uangukie kulia. Nitakuwepo."

Aliinua uso akanitazama. Akasimama. Filimbi ikalia.

Dereva alipokea, akadunda mara mbili, akampa mdogo wangu pembeni ya mstari. Nilishaanza kusogea. Tingatinga alikuwa kati yangu na kikapu, mgongo wake unanitafuta. Nilimpa bega la kushoto, akalikubali, nami nikapitia kulia nikaingia ndani yake. Viatu vyangu vililia kwenye sakafu, criii, ukumbi mzima ulivisikia. Nikamkalia. Akanisukuma kwa kifua, magoti yangu yakashuka, hayakuvunjika. Juu yangu chuma kililia.

Kulia. Mbali kidogo.

Niliruka nikaukuta mpira mikononi kama mtu aliyewekewa chakula chake. Nikautia kidevuni, viwiko nje. Mikono mitatu ya saruji ikaushukia. Kurusha sikuweza, Tingatinga alikuwa amenifunika mwanga. Nilichoweza ni kugeukia nje, na nilipogeuka mdogo wangu alikuwa pale pale alipoachia mpira, amefungua viganja.

Nikampa. Akaurusha hapo hapo.

Sikuutazama. Mpira ulipita juu ya kichwa changu na mimi uso kwa uso na Tingatinga, mgongo wangu kwa kikapu, mikono nimeitandaza juu, miguu wazi, nikimzuia kwa kila kilo niliyo nayo. Kulia, nilikuwa najiambia. Ukija, utakuja kulia. Nimewahi. Uje tu. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na sikupepesa.

Nikasubiri chuma kilie. Hakikulia.

Tingatinga aliacha kunisukuma. Macho yake yalikuwa juu ya kichwa changu, mdomo wazi, na mikono yake mizito ilikuwa inashuka taratibu. Mapipa yalinyamaza. Kengele ya mwisho ikalia, na mimi bado nimeinua mikono, bado nimeweka miguu, nikiusubiri mpira uanguke.

Mtu alinishika viganja kutoka nyuma, akavishusha.

"Dada, acha. Haurudi."

Niligeuka. Wavu ulikuwa bado unacheza. Mpira ulikuwa unajidundia wenyewe chini yake, hauna mwenyewe, na Mpishi na Dereva walikuwa wamelala sakafuni wamekumbatiana. Mdogo wangu alikuwa analia na kamasi juu, kama siku ile ya bafuni, ila leo hakufungua bomba.

"Umeuona?" akaniuliza. "Dada, umeuona ulivyoingia?"

"Sijauona," nikamwambia. "Sijauona hata kidogo."

Akacheka. Akacheka kwa sauti, mbele ya saruji wote, mpaka akainama kushika mbavu.